Aliyeonja Kwanza

Mimi siogopi maiti, siogopi giza, wala siogopi wanaume. Nimefanya kazi ya baa tangu nilipovuka mpaka kutoka Bujumbura, na mtu akishazoea kuwafuta machozi walevi wa hoteli kubwa, wafu hawamtishi tena. Kwa hiyo Mama Xavérine aliponipigia simu kusema kwamba mumewe aliyekufa mwaka jana bado anatengeneza kinywaji jikoni, nilimjibu bila huruma.

"Mama, nunua mtego wa panya."

Hakucheka. "Christella, njoo usikie na masikio yako. Iko anatikisa kila siku. Wewe utajua mukono wake."

Mumewe alikuwa Shefu Évode, mkuu wa baa ya hoteli na mwalimu wangu. Ndiye aliyenitoa kwenye sinki la kuoshea glasi akanisimamisha nyuma ya kaunta, wakati sina ndugu hata mmoja Kigali na kila nikifungua mdomo watu wanajua nimetoka wapi. Alinifundisha kila kitu ninachokijua, na alinifundisha kwa ukali, kwa hiyo namshukuru mara mbili.

Yeye mwenyewe alipenda kinywaji kimoja tu. Wageni wa hoteli wanakiita wiski sour, sisi tulikiita wiski ya ndimu. Unatia wiski, maji ya ndimu, sukari iliyoyeyushwa, na ute wa yai. Wiski yenyewe aliitaka ya rai, nafaka ya nchi za baridi, kwa sababu ina ukali wa pilipili manga, na ute wa yai unaulainisha ule ukali bila kuuzima. Kinatikiswa mara mbili. Kwanza bila barafu, ili ute uumuke uwe povu, kisha pamoja na barafu, ili kipoe. Ukiishia katikati umebaki na uvuguvugu unaonuka yai.

Shefu Évode aliishia katikati. Kila alasiri akitoka zamu ya asubuhi alitengeneza glasi moja nyumbani kwake Nyakabanda, wakainywa yeye na mkewe kwa kupokezana. Siku aliyokufa alikuwa ameshatikisa mara ya kwanza. Akageuka kufungua friji achukue barafu, akaanguka hapo hapo, na hakuamka.

Sasa mwaka ulikuwa umepita, na Mama Xavérine alikuwa anangoja kuganduka. Sisi tuliokulia Burundi tunaanua matanga kwa awamu, na hii ndiyo ya mwisho: ukoo unakusanyika, mkubwa wa familia anatamka maneno, watu wanakunywa, na mjane anarudi kuwa mtu kama watu. Anaweza kuhama, anaweza kuolewa. Kabla ya hapo amefungwa. Mama Xavérine alikuwa na mchumba, Cassien, seremala mpole wa Kicukiro, na umri wake haukuwa wa kusubirisha wanaume. Lakini mkubwa wa familia, Mzee Nahimana, kaka wa marehemu, alipokuja kupanga siku aliisikia ile sauti jikoni. Akakataa katakata. Alisema hawezi kumwanulia mtu matanga ya mume ambaye bado yumo ndani ya nyumba. Shefu Évode asipotoka, Mama Xavérine atabaki mjane wake mpaka kaburini.

Ndiyo maana nikaenda, nikinung'unika njia nzima.

Tulikaa sebuleni, mimi na yeye, na chai ya maziwa mbele yetu. Jua lilikuwa kali, majirani walikuwa wakigonga bati nje, hakukuwa na lolote la kutisha. Msikiti wa upande wa Nyamirambo ukaadhini alasiri. Adhana ilipokwisha, sauti ikaanza jikoni.

Ute wa yai bila barafu hautoi sauti kubwa. Ni sauti ya kunyevunyevu, kama miguu ya mtu anayepita kwenye tope. Shefu Évode alivunjika kifundo cha mkono alipokuwa mtoto, na tangu hapo akawa anatikisa mbili za haraka, kisha ya tatu anaivuta. Hakuna mtu mwingine anayetikisa hivyo. Hata mimi alinikataza nisimwige.

Mbili, na kuvuta. Mbili, na kuvuta.

Niliinuka, maana nikikaa na woga huwa unazaa, nikasukuma mlango wa jikoni. Hakukuwa na mtu. Sheka lake la chuma, lile kopo la kutikisia, lilikuwa limening'inia kwenye msumari juu ya sinki, limetulia tuli. Sauti haikutoka huko. Ilitoka katikati ya chumba, mbele ya friji, kwenye kimo cha kifua cha mwanamume. Nilipopiga hatua moja, ilikoma. Mlango wa friji ulikuwa wazi kidogo na hewa ya baridi ilikuwa inanigusa vifundo vya miguu.

Nililishika sheka. Lilikuwa na joto, lile joto la kitu kilichotoka mikononi mwa mtu sasa hivi.

"Kila siku nafunga hiyo friji," Mama Xavérine alisema nyuma yangu. "Kila siku nakuta iko wazi."

"Anataka barafu," nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

"Ego, ndiyo. Iko anataka kumaliza. Mimi sijui kutengeneza, na hawa wazee ndiyo kabisa. Umumalizie wewe, Christella, siku ya kuganduka, mbele ya Mzee Nahimana. Akikunywa, ataenda. Akienda, mimi nitapona."

Alinishika mikono yote miwili alipokuwa akisema hivyo. Mikono yake ilikuwa imekonda. Nikasema ndiyo, na nilisema kwa moyo wote.

Siku ya kuganduka nilikuja na mayai. Yalikuwa ya Mutoni, jirani yangu wa Gahanga, anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake. Ute wa yai la dukani lililozeeka unaumuka vibaya na kunuka, na sikutaka kumwaibisha Shefu mbele ya ukoo wake. Sebule ilikuwa imejaa: shangazi, binamu, bia na Fanta chini ya meza. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, koti la marehemu limetundikwa mgongoni mwake. Mzee Nahimana alikaa kando ya kiti hicho na fimbo yake, hasemi na mtu. Vifaa nilikuta vimeshapangwa na Mama Xavérine mwenyewe kwenye sinia: sheka, chujio, kisu, chupa ya wiski aliyoiacha mumewe, glasi moja, na mrija.

Nilitaka kutengenezea jikoni. Mzee alisema hapana, watu waone.

Adhana ya alasiri ilikwisha. Kutoka jikoni ikaja: mbili, na kuvuta. Shangazi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Nami nikapasua yai.

Halikuwa na kiini. Lilikuwa yai la ukubwa wa kawaida, ganda zuri la kahawia, lakini ndani ulitoka ute peke yake, mweupe kama maji ya kisima. Nililigeuza ganda nikachungulia ndani, nikaona limekauka. Mayai niliyoyapasua maishani mwangu yangejaza lori, na sijawahi kuona hilo. Kama lilikuwa yai la kitu kilichoanza kuwa hai, basi hicho kitu kilikuwa kimeshaondolewa.

"Endelea," Mzee Nahimana alisema.

Nikatia wiski, ndimu, sukari. Nikafunga sheka, nikalishika kwa nguvu maana ute bila barafu husukuma kifuniko, nikaanza. Nina mwendo wangu, wa haraka na sawasawa. Nilipotikisa mara chache tu mkono ukaniacha. Ukaanza mbili, na kuvuta. Nilijaribu kuubadilisha, nikauma meno, haukubadilika, na sauti ya jikoni na ya mikononi mwangu zikawa zinakwenda pamoja mpaka sikuweza kuzitenganisha. Kisha ya jikoni ikakoma, ikabaki yangu.

Nikafungua, nikatia barafu. Nathubutu kuapa kwamba nyumba nzima ilivuta pumzi. Nilipotikisa tena kelele ya barafu ilijaa sebule, watu wakaruka kwenye viti, na chuma kikaanza kufunga ukungu wa baridi. Nilipoliweka sheka mezani, alama za vidole vyangu zilikuwa zimebaki kwenye ule ukungu. Juu yake kulikuwa na alama nyingine, za mkono mkubwa. Kidole cha shahada kilikuwa kifupi kuliko kinavyopaswa. Shefu Évode alikata ncha ya kidole hicho kwa kisu cha ndimu kabla sijamjua.

Nilichuja. Povu lilipanda likakaa juu ya glasi, zito na jeupe. Nikadondoshea juu yake matone machungu ya mitishamba, kama alivyonifundisha. Kilikuwa kinywaji kizuri. Nasema kweli, kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kumtengenezea akiwa hai, na nilijisikia fahari mpaka kooni.

Na kwa fahari hiyo nikafanya nilichofanya.

Mhudumu wa baa aliyefundishwa vizuri hatoi glasi kabla ya kuionja. Unatumbukiza mrija, unaziba juu kwa kidole, unadondoshea ulimini. Mkono wangu hufanya hivyo bila kuniomba ruhusa. Niliuokota mrija kwenye sinia, nikatumbukiza, nikaonja. Ukali, ndimu, kisha ule ulaini. Nikaitikia kwa kichwa kuridhika, nikaisogeza glasi mbele ya kile kiti kitupu.

Nilipoinua macho, ukoo mzima ulikuwa unanitazama.

Unajua ilivyo kwetu, Rwanda na Burundi vilevile. Mgeni hapewi kinywaji hivi hivi. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele yake, ili mgeni ajue hakuna sumu. Tunaita gusogongera. Aliyeonja ndiye aliyekaribisha, na aliyekaribishwa ni wake, ni juu yake kumlaza na kumlinda. Glasi ile ilikuwa ionjwe na Mzee Nahimana, kwa niaba ya mababu waliokuwa wanamngoja Évode huko aendako. Mimi nilikuwa nimemtangulia, tena kwa mrija, na watu waliolelewa wakinywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja wa pombe ya mtama hawachukulii mrija mchezo.

Povu lilianza kushuka. Lilishuka upande mmoja tu, ule ulioelekea kiti, na likaacha ukingoni nafasi ya mdomo. Koti mgongoni mwa kiti likatikisika kidogo, kama mtu ameinuka akaligusa kwa bega.

Mzee Nahimana alisikiliza kwa muda mrefu. Jikoni kulikuwa kimya, na mlango wa friji ulionekana kutoka pale tulipokaa, umefungwa.

"Ametoka," alisema. Kisha akaniangalia mimi, si mjane. "Ametoka hii nyumba."

Akasimama akatamka maneno ya kuganduka. Watu wakapiga makofi, bia zikafunguliwa, Mama Xavérine akalia akicheka. Alinikumbatia kwa nguvu, uso wake ukiwa begani mwangu, na hakunitazama machoni.

Kesho yake nilikuwa nyumbani kwangu Gahanga. Nina vyumba viwili na jiko dogo la nyuma linalotazama mashamba ya mihogo. Sina friji. Sina sheka, vifaa vyangu vyote viko hotelini. Huku mwadhini hasikiki, lakini Shefu saa yake aliijua. Nilikuwa nakunja nguo kitandani alasiri, jua likiwa linaingia dirishani, nikasikia jikoni.

Mbili, na kuvuta.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kirundi, na kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo alichonifundisha yeye mwenyewe. Nilipiga mlango teke. Alikoma, kama alivyokoma kwa mkewe, kisha nikasikia barafu ikitumbukizwa, ndani ya nyumba isiyokuwa na barafu, na kelele yake ikaendelea mpaka nikakimbilia barabarani na kandambili mguu mmoja.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikulala wiki nzima. Kinywaji alikimaliza kila siku, na kila siku nilikuta kwenye meza yangu duara la maji, la glasi iliyowekwa ikaondolewa. Kazini mikono yangu ikawa ya kwake. Wageni walianza kuuliza kwa nini natikisa kama mlemavu. Nikajua nisipomtoa mtu huyu nitakosa kazi, na baada ya kazi nitakosa akili.

Nikarudi Nyakabanda. Mama Xavérine alikuwa anafunga sufuria kwenye magunia, tayari kuhamia kwa Cassien. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano na amenenepa mashavu. Mzee Nahimana alikuwa kwenye kochi anakunywa Fanta.

"Ulijua," nikamwambia. Sikusalimia. "Mrija uliuweka wewe."

Alifunga fundo la gunia kwanza. "Nilikuwa bibi ya barman, Christella. Sijawahi kuona anatoa glasi bila kuonja. Na wewe ni yeye alikufundisha."

"Ungeniomba!"

"Ungekubali?"

Nilisukuma gunia moja kwa mguu.

"Mimi nilimulilia mwaka muzima," alisema, na sasa alinitazama. "Nililala chini. Nilinyoa nywele. Nilimulilia mpaka yakaisha, halafu bado iko anatikisa. Nikajiuliza, huyu mutu anangoja nani? Si mimi. Mimi deni yake nimemaliza. Wewe ulimulilia siku gani?"

Siku ya mazishi walinipa kazi ya kugawa vinywaji. Nilizunguka na kreti mikononi, nikifungua chupa, nikisema karibu, pole, karibu. Wenye kufiwa walikaa mikekani, na hakuna aliyeniambia kaa. Mimi si wa ukoo. Jioni nilikwenda zamu.

Nilimgeukia mzee. "Mzee wangu, nakuomba. Yale maneno uliyosema hapa, njoo uyaseme kwangu. Nianulie na mimi."

Mzee Nahimana aliweka chupa chini. Alinionea huruma, nilimwona, na huruma yake ndiyo iliyonitisha.

"Mukobwa wanje, binti yangu, tanga halikuwekwa kwako. Mimi nitaanua nini?"

"Basi niwekee."

"Haliwekwi na mutu mwingine. Unalia, watu wanasikia, wanakuja, wanakaa chini na wewe. Ni hiyo tu. Halafu mwaka ukipita, uniite. Kama bado ninaishi."

Mwaka! Niliondoka bila kuaga. Nilipanda basi nikiwa na hasira ya kutosha kuchoma soko, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamwekea tanga mfu aliyemfuata mtu mpaka nyumbani bila aibu. Mimi si mtu wa machozi. Sikulia nilipovuka mpaka peke yangu, na sikulia siku walipoiba kila nilichokuwa nacho kule kituo cha mabasi.

Nilifika Gahanga alasiri. Nilipomsikia ameanza, niliingia jikoni moja kwa moja nikasimama mbele yake, pale ambapo sauti inatoka, karibu kiasi kwamba hewa ilikuwa inanipiga usoni kila anapovuta ile ya tatu. Ilinuka ndimu na sabuni ya hoteli. Nilitaka kumwambia atoke. Badala yake nikamwambia, "Shefu, umekufa."

Nilikuwa sijawahi kuisema. Nilikuwa nimesema Shefu hayupo, Shefu tulimzika, maskini Shefu. Hakukoma kutikisa, lakini alipunguza, kama alivyokuwa akipunguza ninapouliza kitu kwenye kaunta ili anisikie.

"Umekufa, na mimi walinipa kreti."

Nilikaa kwenye sakafu ya simenti, na kitu kikapanda kutoka tumboni ambacho sikukijua, kikatoka kinywani kikiwa kelele. Nililia kama wanawake wa kwetu wanavyolia, kwa sauti, mikono kichwani, bila haya. Nililia mpaka mbwa wa majirani wakaanza kubweka.

Mutoni ndiye aliyefika wa kwanza, mikono yake bado ina pumba za kuku. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa nyumba za juu. Walisimama mlangoni wakinitazama, na mimi nikajua kwamba sauti ya kutikisa wanaisikia pia, maana mmoja wao alikuwa anatafuta kwa macho inakotoka.

"Christella! Iko nini? Ni nani alikufa?"

"Baba," nikasema.

"Yoo, mama wee. Lini? Leo?"

"Mwaka jana."

Nilidhani atacheka, au ataita watu wanishike. Mutoni alijifuta mikono kwenye kitenge, akavua viatu, akaja akakaa chini karibu yangu, bega kwa bega. Wale wawili wakaingia nao, wakatafuta mkeka. Mbele yetu, kwenye hewa tupu ya jikoni, Shefu Évode aliendelea kutikisa, na tukamwacha atikise.